Kwa nini Billy Boston wa Cardiff huandikwa kuwa wa Wigan

Ukifungua orodha ya wafungaji bora wa trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) wa muda wote katika raga ya ligi ya Uingereza, jina la pili ni Billy Boston: trai 571, nyuma ya Brian Bevan mwenye 796. Mbele ya jina la Boston huandikwa Wigan, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba ulioko kati ya Manchester na Liverpool. Ila Boston alizaliwa Cardiff, Wales, zaidi ya kilomita 200 kusini mwa Wigan, na hakuna klabu ya Cardiff aliyoichezea raga ya kulipwa hata mara moja. Sanamu yake iko Wigan, nyingine iko Cardiff, na ya tatu iko nje ya uwanja wa Wembley, London.

Anayeijua raga kupitia timu ya Kenya ya wachezaji saba, au ligi za Nairobi na Kampala, anaweza kudhani huu ni uhamisho wa kawaida: kijana kaonekana, klabu tajiri kaskazini imemnunua, basi. Sivyo. Boston hakuhama klabu tu, alihama mchezo, na enzi zile aliyeuhama mchezo huo hakuruhusiwa kurudi. Swali la “kwao ni wapi” linaanzia hapo.

Raga mbili, sheria mbili

Raga inayochezwa sana Afrika Mashariki ni ile ya wachezaji 15, pamoja na mdogo wake wa wachezaji saba. Raga ya ligi ina wachezaji 13, na chanzo chake ni ugomvi wa mshahara. Mwishoni mwa karne ya 19, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilijaa wachimba migodi na wafanyakazi wa viwandani ambao kazi yao iliendelea hadi Jumamosi. Aliyekwenda kucheza alikatwa ujira wa siku hiyo. Vilabu hivyo viliomba ruhusa ya kuwafidia wachezaji muda waliopoteza kazini. Mwaka 1893 chama cha raga kilikataa, kwa hoja kwamba raga ni mchezo wa ridhaa na senti yoyote inayomfikia mchezaji inauchafua. Tarehe 29 Agosti 1895, wajumbe wa vilabu vya kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa na kuanzisha chama chao.

Mwanzoni mchezo ulikuwa uleule, na fedha ndiyo iliyowatenganisha. Sheria za uwanjani zilifuata, kwa sababu aliyelipa kiingilio alitaka kuona mpira ukitembea. Mwaka 1897 lainauti, yaani kurushiwa mpira kutoka pembeni mistari miwili ya wachezaji, zilifutwa. Mwaka 1906 timu ilipunguzwa kutoka wachezaji 15 hadi 13, na badala ya kurundikana juu ya aliyeangushwa, mchezaji huyo huachwa ainuke, auweke mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu ili mwenzake auchukue. Ukitazama mechi usiyoijua ni ya aina gani, subiri mchezaji mwenye mpira aangushwe. Akiinuka na kuuviringisha nyuma kwa mguu huku mabeki wakirudi nyuma kupanga mstari, hiyo ni raga ya ligi.

Namba za jezi nazo zinapotosha. Katika raga ya wachezaji 15 namba zinaanzia kwa mafowadi, kwa hiyo winga wa kulia huvaa 14. Katika raga ya ligi zinaanzia nyuma: 1 ni beki wa mwisho, 2 winga wa kulia, 3 na 4 masenta, 5 winga wa kushoto, 6 na 7 mahafu, na 8 hadi 13 mafowadi. Boston alivaa 2. Anayesoma orodha ya kikosi cha Wigan kwa macho ya raga ya 15 atamweka katikati ya skramu, lile kundi la mafowadi wanaosukumana.

Adhabu ya kuvuka ndiyo iliyokuwa nzito. Mchezaji wa ridhaa aliyetia saini na klabu ya ligi, hata kama hakulipwa chochote, alifungiwa raga ya wachezaji 15 maisha yake yote. Hakuruhusiwa kucheza wala kufundisha, na vilabu vingi havikumtaka hata kwenye baa yao. Hali hiyo ilidumu hadi Agosti 1995, raga ya 15 ilipokubali rasmi wachezaji kulipwa.

Katazo lilizaa ujanja. Kijana aliyetaka kujaribiwa kaskazini alichezeshwa kwa jina la bandia au bila jina kabisa. Mwaka 1961 Clive Sullivan, kijana mwingine wa Cardiff, aliichezea Hull mechi ya majaribio dhidi ya Bramley akitajwa tu kuwa ni Bwana X, akafunga trai tatu. Kama angeshindwa, angerudi Wales na kuendelea na raga ya ridhaa bila mtu kujua. Hakushindwa, na jina lake likajulikana upesi.

Kodi, na bei ya kutorudi

Katazo hilo lilikuwa na thamani ya fedha inayohesabika. Mtu akiacha haki ya kucheza kwa maisha yake yote, lazima alipwe kwa kuiacha, na ndiyo maana klabu za ligi zililipa donge nono siku ya kutia saini kuliko posho ya mechi. Mwaka 1964, katika kesi ya Jarrold dhidi ya Boustead, mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua kwamba pauni 3,000 alizopewa mchezaji aliyejiunga na Hull hazikuwa mshahara. Zilikuwa fidia ya kupoteza hadhi ya mchezaji wa ridhaa moja kwa moja, kwa hiyo hazikatwi kodi ya mapato. Miaka michache baadaye mchezaji wa York alishindwa kwa hoja kama hiyo, kwa sababu mkataba wake uliifunga fedha hiyo na utumishi wa miaka ijayo. Tofauti ilikuwa katika maneno ya mkataba: malipo ya kile ulichokiacha hayakukatwa kodi, malipo ya kazi utakayofanya yalikatwa. Mwanasheria wa michezo wa leo bado hukutana na kesi hizo mbili.

Tiger Bay

Boston alizaliwa tarehe 6 Agosti 1934 Butetown, mtaa wa bandari wa Cardiff uliojulikana zaidi kama Tiger Bay. Baba yake alikuwa baharia kutoka Sierra Leone. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Cardiff mwenye asili ya Ireland. Walikuwa watoto 11. Bandari hiyo ilikua kwa kusafirisha makaa ya mawe ya mabonde ya Wales kusini, na meli zilizoyabeba ziliajiri mabaharia kutoka kila pwani: Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi, Cape Verde na Karibi. Wengi walishuka, wakaoa, wakabaki. Mwaka 1919 kulitokea ghasia za kibaguzi mjini, na kumbukumbu yake ilikuwa bado hai kizazi cha Boston kilipokua. Ndani ya mtaa watu waliishi pamoja bila taabu kubwa. Kilichokuwa kigumu ni kutoka nje yake.

Uwanja wa Arms Park, nyumbani kwa klabu kubwa ya Cardiff, uko chini ya kilomita tatu kutoka mtaa huo. Boston alicheza kwa klabu ya mtaani kwake, akachezea Neath na Pontypridd akiwa bado kijana, lakini klabu ya Cardiff haikumwita. Hakuna kanuni iliyoandikwa kumzuia. Ila ukiangalia orodha ya timu ya taifa ya Wales ya wachezaji 15, hutakuta mchezaji mweusi hadi miaka ya 1980, na haiwezekani kwamba Tiger Bay haikuwa na wanaojua kukimbia na mpira. Johnny Freeman alitoka hapohapo akaenda Halifax. Colin Dixon wa Cardiff naye alikwenda Halifax, kisha Salford. Clive Sullivan akaenda Hull. Wote wakawa nyota kaskazini.

Raga ya ligi nayo haikuwa peponi, tusidanganyane. Roy Francis wa Brynmawr, Wales, aliachwa nje ya ziara ya Australia ya 1946 kwa sababu ya rangi, licha ya kiwango chake. Lakini mwaka uliofuata aliichezea timu ya taifa, na baadaye akawa kocha wa Hull, Mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa nchini humo. Mwaka 1972 Sullivan aliiongoza timu ya Uingereza kutwaa Kombe la Dunia huko Ufaransa, akiwa nahodha wa kwanza Mweusi wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote mkubwa. Mlango wa ligi ulikwama, lakini ulifunguka. Ule wa raga ya 15 nchini Wales ulibaki umefungwa miaka mingine zaidi ya kumi.

Jinsi alivyotiwa saini

Wigan walimwona jeshini. Vijana wa wakati ule walilazimika kutumikia jeshi miaka miwili, na Boston alikuwa kikosi cha mawasiliano huko Catterick, kaskazini mwa Uingereza, karibu na macho ya maskauti. Katika fainali ya Kombe la Jeshi dhidi ya kikosi cha Welsh Guards alifunga trai sita.

Machi 1953 viongozi wa Wigan walifika nyumbani kwao Cardiff. Boston mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi walivyotandaza mezani noti za pauni tano hadi zikafika pauni 1,000. Mama yake hakutaka mwanawe aondoke. Dau likapanda, naye akataja pauni 3,000 akiamini watakata tamaa na kwenda zao. Wakakubali. Neno lilikuwa limeshatoka, na kijana akatia saini. Wakati huo mfanyakazi wa kiwandani alipata kama pauni 9 hadi 10 kwa wiki, kwa hiyo fedha ile ilikuwa ujira wa miaka sita hivi.

Mkataba ulifichwa kwa muda. Siri hiyo haikuwa ya bure: habari ikivuja, anafungiwa raga ya ridhaa kabla hajaanza ya kulipwa. Watu wa Wigan hawakuwa wageni wa barabara hiyo. Mwaka 1921 walimchukua Jim Sullivan kutoka Cardiff akiwa na miaka 17 (asichanganywe na Clive), akakaa robo karne na kupiga mikwaju ya mabao 2,867 katika maisha yake ya uchezaji. Cardiff ilishakuwa shamba lao muda mrefu.

Kazi ya winga namba 2

Watu wengi hudhani winga ni mkimbiaji tu. Katika raga ya ligi, trai ya winga huanza mita 30 au 40 ndani ya uwanja, mikononi mwa mtu mwingine.

Uwanja una upana wa mita 68 hivi. Mabeki wa upande wa pili hupanga mstari, na kazi ya wanaoshambulia ni kumfanya beki wa mwisho pembeni achague kati ya watu wawili. Senta hukimbia akimwelekea winga wa wapinzani, si akielekea uwazi. Winga yule akiingia ndani kumkaba, mpira unatoka kwenda nje. Akibaki nje, senta anapita mwenyewe. Kila kitu kiko katika sekunde ya kutoa mpira. Ukitolewa mapema, mabeki wana muda wa kuteleza kuelekea pembeni na kumbana winga kwenye mstari. Ukichelewa, senta anaangushwa akiwa nao. Winga naye akisimama sambamba mno na senta, pasi huwa ya mbele na refa anapuliza. Akisimama nyuma mno, anapoupokea mpira kasi yake inaanza upya. Kosa la kawaida kabisa ni kujipa nafasi ndogo pembeni: mguu mmoja ukikanyaga mstari, shambulizi limekufa.

Wigan walilijibu hilo kwa Eric Ashton, kijana wa St Helens aliyejiunga mwaka 1955 na kuwa senta wa kulia, jezi namba 3. Ashton alijua kushikilia mpira hadi beki afanye uamuzi. Boston alijua kuufuata kwa kasi kamili. Kwa zaidi ya miaka kumi upande wa kulia wa Wigan ulikuwa watu hao wawili.

Na Boston hakuwa winga mwembamba. Katika miaka yake ya mwisho alikaribia kilo 95, uzito wa fowadi wa enzi hizo. Akikosa nafasi pembeni, aliingia ndani, akamsukuma beki kwa mkono ulionyooka au akampita katikati ya mwili. Aliondoka pia kwenye winga yake kwenda kuutafuta mpira nyuma ya skramu, na hilo liliwapa mabeki tabu ya kujua nani amkabe. Kwenye ulinzi aliwaangusha masenta kwa nguvu kiasi kwamba walianza kuutoa mpira kabla ya wakati, na pasi ya namna hiyo ndiyo rahisi kudakwa.

Kusoma takwimu zake

Boston aliichezea Wigan mechi 488 na kufunga trai 478 kati ya Novemba 1953 na 1968. Jumla ya 571 inaongeza timu ya taifa, ziara, timu za mchanganyiko, na kipindi kifupi cha mwisho akiwa Blackpool Borough. Ukikuta vyanzo viwili vinavyopishana, angalia kwanza ni kipi kinahesabu klabu tu.

Trai moja wakati ule ilikuwa pointi 3. Ilipanda kuwa 4 mwaka 1983. Kwa hiyo 478 za Wigan zilizaa pointi 1,434, na kwa hesabu ya leo zingekuwa 1,912. Kumlinganisha na winga wa sasa kwa pointi ni kumpunja, kwa hiyo linganisha trai.

Sheria ya kukabwa nayo ilikuwa tofauti. Leo timu ina nafasi sita za kuangushwa, kisha mpira unakwenda kwa wapinzani. Karibu muda wote wa Boston hapakuwa na kikomo. Kikomo cha mara nne kililetwa 1966, kikawa sita 1972. Timu yenye mafowadi wazito iliweza kuushika mpira muda mrefu bila kuuachia, na winga akaganda pembeni kwa dakika nyingi bila kuugusa. Msimu ulichezwa majira ya baridi, kuanzia Agosti hadi Mei, kwenye tope la Januari ambalo humwonea mkimbiaji. Wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa hadi 1964. Aliyeumia ama alitoka na timu ikabaki pungufu, ama alisogezwa winga akachechemee huko. Katika mazingira hayo, wastani wa karibu trai moja kwa kila mechi, na mechi mbili alizofunga trai saba, unasema mengi.

Upande wa vikombe, alicheza fainali sita za Kombe la Challenge Wembley na kushinda tatu: 1958 dhidi ya Workington Town, 1959 dhidi ya Hull, ambapo alifunga trai mbili, na 1965 dhidi ya Hunslet. Mwaka 1960 Wigan waliifunga Wakefield Trinity 27 kwa 3 katika fainali ya ubingwa. Umati wa Machi 1959 katika uwanja wao wa Central Park, dhidi ya St Helens, ulikuwa watu 47,747. Mji mzima wa wachimba migodi ulikuwa pale, pamoja na jirani zake.

Timu ya taifa, na safari asiyokwenda

Baada ya mechi sita tu za timu ya kwanza ya Wigan, akiwa na miaka 19, Boston aliteuliwa kwa ziara ya Australia na New Zealand ya 1954. Alikuwa Mweusi wa kwanza kusafiri na timu ya Uingereza kwenye ziara hiyo. Alifunga trai 36 katika mechi 18, rekodi ya ziara. Kwa jumla aliichezea Uingereza mara 31 na kufunga trai 24. Timu hiyo ilijumuisha Wales, na ndiyo maana Mwelsh alivaa jezi ya Uingereza bila kubadili uraia wala asili.

Mwaka 1957, baada ya Kombe la Dunia huko Australia, Uingereza na Ufaransa zilipanga mechi za maonyesho Afrika Kusini wakati wa kurudi. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi Boston hakuweza kucheza na wenzake. Timu ikaenda, yeye akarudi nyumbani peke yake. Viongozi hawakuzifuta mechi, na hilo linapaswa kuandikwa kila mara ziara hiyo inapotajwa.

Kwao

Alipostaafu hakurudi Cardiff. Aliendesha baa karibu na Central Park, akabaki Wigan. Butetown aliyoijua ilibomolewa kwa sehemu kubwa miaka ya 1960, nyumba za zamani zikapisha maghorofa. Central Park nayo ilifungwa 1999 na duka kubwa likajengwa mahali pake.

Heshima zilikuja taratibu: nishani ya MBE, ya heshima ya kifalme, mwaka 1996, sanamu ya Wembley mwaka 2015 akiwa pamoja na wachezaji wengine wanne, sanamu ya Wigan mwaka 2016. Cardiff ilisubiri hadi Julai 2023. Wananchi walipiga kura kuchagua watatu kati ya majina 13 ya wachezaji wa ligi waliotoka mjini humo, wakashinda Boston, Clive Sullivan na Gus Risman, na sanamu yao ikasimamishwa kwenye ghuba, hatua chache kutoka mtaa uliowalea wengi wao. Juni 2025 Boston alipewa cheo cha Sir, wa kwanza kutunukiwa katika raga ya ligi tangu ule mkutano wa Huddersfield.

Barabara sasa inapitika pande zote. Jason Robinson, winga aliyeng'ara Wigan miaka ya 1990, alivuka kwenda raga ya wachezaji 15 mwaka 2000 na kufunga trai katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2003, safari ambayo sheria za zamani zingeizima mapema. Klabu za juu za ligi bado hazijaota mizizi Wales kusini. Crusaders walijaribu katika ligi kuu kuanzia 2009, wakianzia Bridgend kisha wakahamia Wrexham, na kufikia mwisho wa 2011 walikuwa wametoka. Kwa hiyo kijana wa Cardiff anayeutaka mchezo wa wachezaji 13 kwa kiwango cha juu bado hufunga mzigo na kwenda kaskazini. Na ukirudi kwenye ile orodha ya wafungaji, utakuta Bevan, kinara wa Warrington, alitoka Sydney, na Martin Offiah, wa tatu kwa trai 501, alitoka London akapitia raga ya 15 kabla ya Widnes kumchukua mwaka 1987. Wote watatu ni mawinga, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika mji ulioandikwa mbele ya jina lake.